BREKI ILIYOTUMIKA: ISOME KABLA HUJAIUZA



Mwezi huu tunazungumza juu ya biashara ya vipuri vya gari vilivyotumika. Wengi tunaviita spea mtumba. Katika vipuri hivyo tumechagua breki.

Kwa nini breki? Redio ya gari ikiharibika, abiria watasafiri bila muziki. Taa ya ndani ikizimika, watakaa gizani. Lakini breki ikikataa, watu wanaweza kufa. Kwa hiyo anayeuza breki anauza kitu kinacholinda maisha ya watu. Lazima aijue kazi yake.

Biashara hii imefika kwetu. Ukisimama njia panda ya Nangurukuru utaziona gari zinazotoka Dar es Salaam. Nyingine zinakwenda Kilwa Kivinje na Kilwa Masoko. Nyingine zinaendelea kusini hadi Mchinga, Lindi na Mtwara. Noah na Hiace zinabeba abiria. Kanta na Fuso zinabeba samaki, chumvi, ufuta na korosho. Karibu zote zimetengenezwa Japani. Na nyingi zilifika nchini zikiwa zimekwisha kutumika.

Msimu wa ufuta ukiisha, wapo vijana wanaochukua fedha yao na kufungua duka dogo la spea. Hilo ni jambo jema. Ukurasa huu ni kwa ajili yao, na kwa ajili ya wanaonunua kwao.

VIPURI HIVI VINATOKA WAPI?

Japani wanaendesha gari upande wa kushoto wa barabara, kama sisi. Usukani wao uko kulia, kama wetu. Kwa hiyo gari ya Japani inafaa hapa bila kugeuzwa.

Tena, huko Japani kila gari ya mtu binafsi hukaguliwa na serikali. Gari mpya hukaguliwa baada ya miaka 3. Baadaye hukaguliwa kila baada ya miaka 2. Ukaguzi huo una gharama kubwa. Gari ikizeeka, wenye gari wengi huona afadhali kuiuza na kununua nyingine. Gari hizo hupakiwa melini na kuletwa Afrika. Nyingine hufunguliwa vipande vipande, na vipande hivyo huuzwa kama spea.

Vikifika Dar es Salaam, vinauzwa katika maduka ya Kariakoo na Ilala. Mfanyabiashara wa Kilwa au Lindi huenda kununua huko. Anapakia mzigo kwenye basi, anarudi nyumbani.

Zamani safari hiyo ilikuwa ya taabu. Gari zilivuka mto Rufiji kwa pantoni pale Ndundu. Mwaka 2003 Daraja la Mkapa lilifunguliwa, na njia ikawa rahisi. Lakini hata sasa mvua huweza kutukatia njia. Mwezi Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya, maji yalikata barabara maeneo ya Somanga. Gari zilikwama pande zote mbili. Kwa hiyo ukinunua kitu kibovu Dar es Salaam, si rahisi kurudi kesho kukibadilisha. Kikague huko huko, kabla hujatoa fedha.

BREKI INAFANYAJE KAZI?

Dereva anakanyaga pedeli. Pedeli inasukuma mafuta ya breki ndani ya mabomba. Mafuta yanafika kwenye gurudumu. Huko yanasukuma kipande cha chuma kinachoitwa pistoni. Pistoni inabana pedi kwenye diski. Diski inazunguka pamoja na gurudumu. Ikibanwa, gurudumu linasimama.

Chombo kinachoshika pistoni na pedi kinaitwa kalipa.

Gari nyingi zina diski mbele na dramu nyuma. Ndani ya dramu kuna breki shuu. Kazi ni ile ile. Breki shuu hutanuka na kubana dramu kwa ndani.

Kila unapobana, joto linapatikana. Sugua viganja vyako kwa nguvu, utaona. Gari yenye abiria ikiteremka mlima, breki hupata joto kali sana. Diski nene hulivumilia joto hilo. Diski nyembamba hushindwa upesi. Huweza kupinda au kupasuka.

DISKI INA MAANDISHI

Kilwa ni mji wa biashara tangu zamani. Msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, akaandika habari zake. Masultani wa Kilwa walipiga sarafu zao wenyewe, na sarafu hizo zilikuwa na maandishi. Aliyejua kusoma aliweza kuona jina la sultani juu ya sarafu aliyoishika.

Diski ya breki nayo ina maandishi. Watu wengi hawayajui, kwa sababu yamefunikwa na kutu. Chukua brashi ya waya. Sugua ukingo wa diski, au sehemu ya katikati. Kwenye diski nyingi utaona herufi MIN au MIN TH, kisha namba.

Namba hiyo ni unene wa mwisho. Maana yake ni hii: diski ikiwa nyembamba kuliko namba hiyo, imekwisha. Isifungwe tena kwenye gari.

Tuchukue mfano. Diski imeandikwa MIN 23 mm. Wewe unaipima. Ukipata milimita 25, bado ina maisha. Ukipata 23 na nusu, imekaribia mwisho. Ukipata 22, hicho ni chuma chakavu.

Unapimaje? Tumia vania, kile kifaa cha chuma chenye taya mbili ambacho mafundi hupimia unene. Lakini angalia sana hapa. Pedi haigusi ukingo wa nje kabisa wa diski. Kwa hiyo ukingo huo hauliki. Unabaki mnene kama mpya, wakati sehemu ya ndani imeliwa. Ukipima ukingoni, utadanganyika. Pima pale ambapo pedi inapita. Pima mahali pengi, kuzunguka diski nzima. Shika ile namba ndogo kuliko zote.

Kama namba ya MIN imefutika na kutu, usikisie. Mwulize fundi mwenye kitabu cha gari hiyo. Kama haipatikani, usiinunue diski hiyo.

MAMBO MENGINE YA KUKAGUA

1. Nyufa. Itazame diski juani. Ukiona ufa unaofika ukingoni au kwenye tundu la boliti, iache.

2. Kutu. Huku pwani hewa ina chumvi. Kutu nyepesi juu ya diski si neno, itatoka kwa siku moja ya kazi. Lakini kutu iliyochimba vishimo, hiyo ni mbaya.

3. Pistoni ya kalipa. Isukume kwa kibano. Inapaswa kuingia taratibu bila kukwama. Ukiona vishimo vya kutu kwenye ubavu wa pistoni, mafuta yatavuja hapo. Iache.

4. Mipira ya ndani ya kalipa. Hata kama inaonekana mizima, ibadilishe. Mipira mipya huuzwa kwa seti.

5. Kushoto na kulia. Kalipa ya kushoto si ya kulia. Nyingine zimeandikwa L, yaani kushoto, na R, yaani kulia. Kama hakuna herufi, tazama nipo ya kutolea upepo. Kalipa ikifungwa mahali pake, nipo lazima iwe juu. Upepo hupanda juu. Nipo ikiwa chini, upepo hautatoka, na pedeli italegea kama sponji.

6. Aina ya gari. "Ni ya Noah" haitoshi. Noah ni nyingi. Fungua boneti, utafute kibati chenye neno MODEL. Utaona herufi na namba, kama SR40 au SR50. Hiace nayo ina zake, kama KDH200. Ziandike kwenye karatasi uende nazo dukani.

VITU AMBAVYO HAVIFAI KUUZWA VIKIWA MTUMBA

Katika breki, chuma kizima huweza kutumika mara ya pili. Diski nene, dramu, na mwili wa kalipa ni mfano. Lakini vipo vitu ambavyo hupaswi kuviuza vikiwa vimetumika.

Pedi na breki shuu. Hizi ni vitu vya kuliwa. Zilikwisha kaa kwenye gari nyingine, huenda zimelowa mafuta au zimeungua. Nunua mpya. Na mpya yenyewe ikibaki milimita 3, ibadilishe.

Mipira ya kupitishia mafuta. Mpira huzeeka kwa ndani. Nje unaonekana mzima, siku moja unapasuka.

Mafuta ya breki. Mafuta haya hunyonya maji kutoka hewani. Yanaandikwa DOT 3 au DOT 4. DOT 3 mapya huchemka kwenye nyuzi 205 au zaidi. Yakiisha kunyonya maji, huweza kuchemka kwenye nyuzi 140 tu. Yakichemka hutoa mvuke, na pedeli huzama hadi chini. Huku kwetu hewa ina unyevu mwingi. Kwa hiyo usiuze mafuta ya chupa iliyokaa wazi.

Tena, usimruhusu mtu aweke mafuta ya injini, mafuta ya taa au mafuta ya kupikia mahali pa mafuta ya breki. Mipira itavimba na breki zitakufa.

BREKI KUBWA ZA GARI ZA MWENDO

Sasa kuna vijana wanaopenda kubadilisha breki ndogo na kuweka kubwa. Wanatafuta breki zilizotoka kwenye gari za mwendo kasi. Kwa mfano Mitsubishi Lancer Evolution ya mwaka 1998 ilitoka kiwandani na kalipa kubwa za kampuni ya Brembo ya Italia. Kalipa kama hizo za mbele zina pistoni 4, tena zimepakwa rangi ya kupendeza. Zikifika dukani zilizotumika, zinauzwa kwa bei kubwa.

Je, breki kubwa ni nzuri? Ni nzuri kwa gari iliyotengenezewa. Ina diski pana, kwa hiyo inavumilia joto. Lakini kuiweka kwenye gari nyingine si kazi ya kufunga boliti tu. Kabla ya kumwuzia mtu, mwulize haya:

Je, ringi ya gurudumu lako ni inchi ngapi? Breki kubwa haiingii ndani ya ringi ndogo. Kalipa itakwaruza ringi.

Je, boliti zinafika mahali pake? Ukiona fundi anataka kuchomelea chuma ili kalipa ikae, mkatalie. Mahali hapo hubeba nguvu yote ya kusimamisha gari.

Je, pampu kuu ya breki inatosha? Pistoni kubwa hutaka mafuta mengi. Pampu ikiwa ndogo, pedeli itashuka sana.

Je, breki za nyuma zitalingana na za mbele? Mbele zikibana kupita kiasi, magurudumu ya mbele hujifunga upesi. Yakijifunga, usukani hausikii.

Na matairi je? Tairi ndilo linaloshika barabara. Tairi likiwa kipara, breki kubwa haitasaidia kitu. Mara nyingi mteja wa namna hii anahitaji pedi mpya, mafuta mapya na matairi mazuri. Mwambie hivyo. Utauza kitu cha bei ndogo leo, lakini atarudi kwako.

HESABU YA DUKA

Hapa ndipo penye mtihani, ndugu msomaji. Tuchukue mfano. Bei hizi ni za mfano tu.

Umenunua diski 6 Dar es Salaam, kwa shilingi 20,000 kila moja. Jumla ni 120,000. Nauli na mzigo ni 30,000. Umetumia 150,000.

Umefika Kilwa. Unapima, unaona jozi moja imekwisha. Zimebaki diski 4 nzuri. Unaziuza kwa 45,000 kila moja, unapata 180,000. Faida yako ni 30,000.

Lakini kama ungeuza zote 6, ungepata 270,000. Faida ingekuwa 120,000. Tofauti ni shilingi 90,000.

Shilingi 90,000 hizo ndizo zinazomshawishi mtu. Diski mbili mbovu ziko pale kwenye rafu. Zimesuguliwa, zinang'aa. Mara anakuja dereva ana haraka.

"Kaka, nipe hizo hizo. Nina abiria wa Somanga wananisubiri."

"Hizo haziuzwi, ndugu yangu. Zimekwisha."

"Mbona naona zinang'aa?"

"Kung'aa si unene. Shika vania, pima mwenyewe."

"Basi nipunguzie bei, nitazitumia wiki moja tu."

"Hata bure sikupi. Abiria wako mmoja huenda ni mama yangu."

Muuzaji huyo amekosa shilingi 90,000 siku hiyo. Lakini dereva ameona kwa macho yake. Atawaambia wenzake pale stendi kwamba duka lile halidanganyi.

Tena hasara hiyo ingeweza kuepukwa. Kama angekwenda Dar es Salaam na vania mfukoni, angenunua zile 4 nzuri tu. Angelipa 80,000, na 30,000 za njiani. Jumla 110,000. Akiuza kwa 180,000, faida ni 70,000. Vania imemwongezea shilingi 40,000 kwa safari moja.

Na diski mbovu ifanywe nini? Ipige alama kubwa ya msalaba kwa rangi nyekundu. Kisha iuze kwa kilo kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Afadhali uivunje kwanza kwa nyundo, isije ikarudi barabarani.

DAFTARI LA SPEA

Weka daftari. Piga mistari, andika hivi:

Tarehe.
Kitu gani, na cha gari gani.
Namba ya MIN, na unene uliopima.
Nimenunua kwa nani, kwa bei gani.
Nimemwuzia nani, kwa bei gani.

Daftari hili lina faida tatu. Kwanza, unajua faida na hasara yako. Pili, mteja akirudi na malalamiko, mnafungua ukurasa na kusoma pamoja. Tatu, linakukinga na mali ya wizi. Mtu akikuletea kalipa usiku ndani ya mfuko, hataki kutaja jina lake, usinunue. Kununua mali ya wizi huku unajua ni kosa la jinai.

Mpe mteja risiti. Andika juu yake neno IMETUMIKA, na unene wake. Usiuze mtumba kwa jina la kitu kipya. Usitie spea ya mtumba ndani ya boksi jipya. Tume ya Ushindani inashughulikia bidhaa bandia, na Shirika la Viwango Tanzania, yaani TBS, linasimamia ubora wa bidhaa. Pia, tangu Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, gari mbovu haruhusiwi mtu kuiendesha barabarani. Trafiki akiikuta, dereva atawajibika.

KWA WEWE UNAYENUNUA

Nunua kwa jozi. Ukibadilisha diski ya kushoto, badilisha na ya kulia. La sivyo gari itavuta upande mmoja.

Diski ikibadilishwa, weka pedi mpya.

Fundi asipulize vumbi la breki kwa upepo au kwa mdomo. Vumbi la breki za zamani huweza kuwa na asbesto, ambayo huleta ugonjwa wa mapafu. Alioshe kwa maji.

Baada ya kufunga, kanyaga pedeli mara nyingi gari ikiwa imesimama, mpaka iwe ngumu. Kisha jaribu polepole mahali peupe, bila abiria. Siku za kwanza usibane kwa ghafla, ili pedi na diski zizoeane.

Na wewe abiria, usinyamaze. Ukisikia chuma kinasaga chuma kila dereva anapokanyaga breki, pedi zimekwisha. Mwambie dereva asimame. Akikataa, shuka, utoe habari kwa trafiki.

MASWALI YA KUJADILI

Someni makala hii pamoja, kisha mjibu:

1. Herufi MIN kwenye diski zina maana gani?
2. Kwa nini hatupimi diski kwenye ukingo wa nje?
3. Diski imeandikwa MIN 20 mm. Umepima mahali pa nne, ukapata 21, 20 na nusu, 19 na nusu, na 21. Je, utaiuza?
4. Taja vitu vitatu vya breki ambavyo havifai kuuzwa vikiwa mtumba.
5. Hapo kijijini kwenu, gari inayobeba abiria ilikaguliwa breki lini? Nani anajua? Mwulizeni dereva.